MKALIMANI APEWE HAKI YAKE

Pwani ya kusini mwa Tanzania imekuwa pwani ya kupigwa picha. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa mwaka 1981 katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na tangu hapo mashua zinazovuka kutoka Kilwa Masoko hazibebi wataalamu wa mambo ya kale na watalii peke yao. Hubeba pia watengenezaji wa filamu pamoja na kamera na vinasa sauti vyao. Wako wanaofuata Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Wako wanaopanda vilima vya Umatumbi kutafuta habari za Vita vya Maji Maji. Wako wanaotoka Lindi mjini kwenda Tendaguru, palipochimbwa mifupa ya mijusi mikubwa ya kale. Wote hao, wakisha kupiga picha za mawe na minazi, hutaka jambo moja: mzee wa mahali aketi mbele ya kamera aseme.

Mzee husema. Lakini mara nyingi mwongozaji wa filamu hajui Kiswahili, sembuse Kimatumbi, Kimwera au Kingindo. Maneno ya mzee hayamfikii mpaka yamepita katika kinywa cha mtu wa tatu, aliyeketi pembeni ya kamera, nje ya picha. Mtu huyo ndiye mkalimani. Aweza kuwa mwalimu wa shule, kijana aliyemaliza kidato cha sita, au mtembeza wageni wa magofuni. Filamu ikimalizika, majina hupanda kwenye kioo: mpiga picha, mnasa sauti, dereva, hata kampuni iliyokodisha vyombo. Jina la mkalimani aghalabu halimo; na likiwamo, limechanganywa katika orodha ndefu ya wanaoshukuriwa, bila ya kuelezwa alifanya nini.

Kuna watakaosema hili ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Ni dhuluma yenye ncha mbili. Ncha ya kwanza humchoma mkalimani, ambaye kazi yake imechukuliwa na jina lake likaachwa. Ncha ya pili, iliyo kali zaidi, humchoma mzee aliyehojiwa. Pale asipojulikana aliyefasiri, hapana awezaye kuthibitisha kwamba maneno yanayosomwa chini ya picha ndiyo yale yaliyotoka kinywani mwa mzee.

WATU WATATU CHUMBANI

Wakuu wa sinema duniani walikwisha kuonyesha kwamba mkalimani si mtu wa kufichwa. Mwezi Agosti mwaka 1962, mwongozaji wa filamu wa Kifaransa, François Truffaut, alikwenda Hollywood kumhoji mwongozaji mwenziwe mashuhuri, Mwingereza Alfred Hitchcock. Mazungumzo yalichukua kama wiki moja, nayo yalinaswa kwenye kanda. Truffaut hakuwa na Kiingereza cha kutosha kwa kazi hiyo. Kati ya wawili hao aliketi mwanamke aliyeitwa Helen Scott, akigeuza Kifaransa kuwa Kiingereza na Kiingereza kuwa Kifaransa, swali kwa swali, jibu kwa jibu. Kitabu kilichotokana na mazungumzo hayo kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1966 na kwa Kiingereza mwaka uliofuata, na kimekuwa kama chuo kwa wanafunzi wa sinema wa nchi nyingi. Jina la Helen Scott liliandikwa kitabuni, akitambuliwa kuwa mshiriki wa kazi ile.

Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza ni la heshima. Wakubwa wale wawili, ambao majina yao yalikwisha kujaa dunia, hawakupungukiwa na kitu kwa kuandikwa jina la tatu. La pili ni la tahadhari. Kanda zile hazikutupwa. Waliozisikiliza baadaye na kuzilinganisha na kitabu wamekuta kwamba maneno ya Hitchcock yaliyochapishwa, hata katika toleo la Kiingereza ambacho ni lugha yake mwenyewe, siyo yaleyale neno kwa neno aliyoyatamka.

Basi ikiwa hayo yalimpata mtu mwenye jina kama Hitchcock, katika studio yenye kila chombo, mbele ya mkalimani hodari, yatakuwaje kwa bibi wa Kilwa Kivinje aliyehojiwa kwa saa moja chini ya mwembe na watu asiotazamia kuwaona tena? Hitchcock anaweza kutetewa kwa sababu kanda zipo na mkalimani anajulikana. Bibi huyo atatetewa na nini?

KAZI ISIYOONEKANA

Wanaomfanya mkalimani kuwa si kitu hudhani kwamba yeye ni mfereji: maneno huingia upande huu yakatokea upande ule, na mfereji hauongezi wala haupunguzi. Dhana hiyo ni ya mtu ambaye hajapata kuishi katika lugha mbili. Yafaa kazi yenyewe itazamwe jinsi inavyofanyika.

Kwanza liko swali. Mwongozaji huuliza kikavu: mwaka gani, watu wangapi, nani aliua? Mkalimani anayejua adabu za pwani hawezi kumtupia mzee swali kama jiwe. Huanza na shikamoo, akauliza hali ya nyumbani, akaomba radhi kwa kumkalisha juani, ndipo akasema: "Babu, wageni hawa wametoka mbali, wangependa kusikia kwako habari za siku zile." Kamera inazunguka, na mwongozaji anatazama saa yake, akinung'unika kwamba swali lake la maneno matano limekuwa hotuba. Hajui kwamba bila ya hotuba hiyo asingepata jibu lo lote ila "Sijui, mwanangu."

Pili liko jibu. Kiswahili husema "alikuja akawaambia" bila ya kueleza kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza na Kijerumani humlazimisha mkalimani kuchagua papo hapo. Mzee akisema kwamba jambo lilitokea saa tatu asubuhi, mkalimani asiye makini hulitaja tatu hilohilo kwa Kizungu, na tukio la jua kuwaka likahamishiwa gizani, saa tisa za usiku. Akisema "babu", yawezekana ni mzazi wa baba yake, yawezekana ni mhenga wa vizazi vingi nyuma. Akisema "dawa", yaweza kuwa ya hospitali, ya mganga, au ya vita.

Neno hilo la dawa, katika habari za Maji Maji, si la kuchezea. Vita vile vilianza Umatumbi, katika nchi ya Kilwa, mwezi Julai mwaka 1905, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya dawa, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Mkalimani akiifasiri dawa yake kwa neno la kizungu lenye maana ya kiini macho, mashujaa wanageuka wajinga waliodanganyika. Akiifasiri kwa neno lenye maana ya kinga na kiapo, wanaonekana watu wa makabila mbalimbali waliotafuta jambo la kuwafunga pamoja dhidi ya mtawala mmoja. Uamuzi huo, ambao wanahistoria wameandika vitabu juu yake, mkalimani wa filamu huufanya kwa nukta chache, kamera ikimngoja. Je, huyo ni mfereji?

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mzee muungwana hutenga alichokiona na alichokisikia. Husema "nasikia", au "wazee walikuwa wakisimulia", au "Mungu ndiye ajuaye". Mkalimani mwenye haraka huyaacha maneno hayo akidhani ni mapambo. Chini ya picha ikasomeka habari iliyonyooka, kana kwamba mzee aliyezaliwa miaka mingi baada ya vita alikuwapo vitani. Siku mtaalamu anapopiga hesabu na kuona kwamba haiwezekani, lawama humwangukia mzee. Anaitwa mwongo, ilhali yeye alisema kweli, na aliyeiondoa kweli hiyo hana jina.

KILWA IMEKWISHA KUONJA

Pwani hii si ngeni kwa msiba huo. Historia ya masultani wa Kilwa imewafikia wasomaji wa leo kwa njia mbili. Moja ni ya Kireno, iliyochapishwa Lisbon mwaka 1552 katika kitabu cha João de Barros, miaka karibu hamsini baada ya Wareno kuuteka mji huo mwaka 1505. Nyingine ni nakala ya Kiarabu iliyoandikwa mwaka 1877, ambayo imehifadhiwa London. Zote mbili zinasimulia mji mmoja, lakini orodha zao za masultani hazilingani, na wanahistoria wametumia jasho jingi kuzipatanisha. Barros anayataja majina ya wafalme. Aliyewafasiria Wareno habari hizo hatajwi. Laiti angetajwa, pamoja na lugha yake na maandishi aliyoyasoma, kazi ya kuzipima habari hizo ingekuwa nyepesi kuliko ilivyo.

Wakaja Wajerumani. Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali yao huku Afrika Mashariki, alitoa mwaka 1903 kitabu cha Desturi za Wasuaheli, na mwaka 1907 akachapisha habari za kale za miji ya pwani, Kilwa na Lindi zikiwamo. Kitabu cha mwaka 1903 kwa sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Hata hivyo jina lililokaa juu ya jalada lilikuwa la Velten. Ilibidi kungojea toleo la Kiingereza la mwaka 1981, lililotokana na kazi ya J.W.T. Allen, ndipo Mtoro akapewa mahali pake. Mfano huu unafundisha kwamba shabaha si kumtukuza mkalimani dhidi ya wengine. Hapo aliyekuwa mkalimani ndiye aliyekuwa na nguvu, na mwenye maneno ndiye aliyefunikwa. Shabaha ni kwamba kila aliyetia mkono katika neno aandikwe alichokifanya.

Tendaguru nayo ina kisa chake. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha huko mifupa ya mijusi ya kale, na wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwenda Berlin, ambako hadi leo umesimamishwa mfupa juu ya mfupa mjusi mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Vitabu vilijaa majina ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Aliyesimama katikati ya mabwana hao na mamia ya vibarua, akiisimamia kazi na kuijua mifupa kwa mikono yake, alikuwa Boheti bin Amrani. Wanasayansi walimpa heshima ya jina mwaka 2007, aina moja ya mijusi hiyo ilipoitwa Australodocus bohetii. Heshima hiyo ilichukua karibu miaka mia. Mtu wa katikati akisahauliwa siku ya kazi, kumkumbuka baadaye ni safari ndefu.

Ndiyo maana hapafai kusemwa kwamba nchi hii haijui njia iliyo bora. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya Maji Maji, katika mradi ulioongozwa na wanahistoria, miongoni mwao Gilbert Gwassa na John Iliffe. Hawakuwa na fedha za watengenezaji wa filamu wa leo. Lakini waliandika jina la mzee waliyemhoji na mahali walipomkuta, na kwa sababu hiyo kazi yao bado inaweza kupimwa na wanaokuja nyuma. Naye Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hiyohiyo ya kusini, aliutoa mchezo wake wa Kinjeketile mwaka 1969 kwa Kiswahili, kisha akaufasiri mwenyewe kwa Kiingereza. Msomaji wa tafsiri ile anajua ni nani wa kumuuliza.

MANENO YAMEKUWA USHAHIDI

Zamani mtu aliweza kusema kwamba filamu ni burudani, na kosa la burudani halimuui mtu. Leo usemi huo hauna nguvu. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani katika vita ambavyo watu waliokufa wanakisiwa kufikia 300,000. Mazungumzo juu ya mabaki ya wahenga na vitu vilivyochukuliwa yanaendelea. Mifupa ya Tendaguru nayo inazungumzwa. Katika mazungumzo kama hayo, sauti ya mzee wa Nandete au wa Kilwa Kivinje iliyonaswa kwenye filamu inatoka katika burudani inakuwa ushahidi. Ushahidi uliofasiriwa na mtu asiyejulikana hausimami mahali po pote penye kuulizana kwa makini.

Watanzania wanakumbuka pia ubishi uliozuka mwaka 2006 juu ya filamu ya Hubert Sauper kuhusu samaki wa Ziwa Viktoria, hata Rais Jakaya Kikwete akaisema hadharani. Hapa si mahali pa kuufufua ubishi ule. Funzo lake linatosha: magomvi ya namna hiyo hayamalizwi kwa hotuba wala kwa maandamano. Humalizwa kwa kuisikiliza kanda nzima, katika lugha iliyosemwa, na kumuuliza mkalimani alisikia nini na alisema nini.

VISINGIZIO

Kisingizio cha kwanza ni kwamba filamu ni sanaa ya mwongozaji, na majina mengi huichosha. Jibu ni jepesi. Majina ya waliobeba taa yana nafasi. La aliyebeba maana litakosaje nafasi?

Kisingizio cha pili ni kwamba watazamaji wa nje hawapendi kusoma chini ya picha, kwa hiyo hapana budi sauti ya mzee ishushwe na sauti ya kizungu ipandishwe juu yake. Huko ni kumzika mtu akiwa hai. Mwaka 1985 Nangayoma Ng'oge na Mmarekani Ron Mulvihill walitoa filamu ya Arusi ya Mariamu, na mwaka 2001 Mulvihill akiwa na Martin Mhando wakatoa Maangamizi. Hao ni waongozaji wa lugha mbalimbali waliofanya kazi pamoja bila ya kukinyamazisha Kiswahili. Tangu mwaka 1998 tamasha la filamu la Zanzibar limekuwa likiwakutanisha waongozaji wa nchi nyingi na lugha nyingi, nao husikilizana. Mtazamaji wa Ulaya anayesoma maandishi chini ya filamu ya Kijapani hashindwi kuyasoma chini ya maneno ya mvuvi wa Kilwa.

Kisingizio cha tatu ni cha siku hizi: kwamba programu za kompyuta zitafasiri zenyewe, na mkalimani hahitajiki tena. Programu hizo zinasaidia mengi. Lakini nani ameifundisha kompyuta Kimatumbi cha mzee asiye na meno? Nani ameifundisha kwamba mzee aliyenyamaza kitambo, akatazama chini, kisha akasema "Basi, yalipita," amesema mengi kuliko aliyezungumza saa nzima? Mkalimani aliyezaliwa hapo anajua wakati wa kumwambia mwongozaji: hapa tusimuulize zaidi.

Kisingizio cha nne hutoka kwa wakalimani wenyewe, nacho hakifai kufichwa. Wako wanaosema afadhali jina lisiandikwe, maana likiandikwa watalaumiwa. Hapo ndipo penye siri. Wako waliofupisha kwa uvivu, waliopamba ili kumfurahisha mgeni, na waliouongeza umaskini wa kijiji chao kwa kuwa waliona mgeni anautafuta. Wako walioona aibu ya neno kali la mzee wakalilainisha. Jina lililoandikwa ni malipo, na ni mzigo pia. Asiyetaka mzigo asidai malipo.

Wala lawama haziwaangukii wageni peke yao. Waongozaji wa Dar es Salaam nao hushuka kusini na kumhoji mzee kwa Kimwera au Kimakonde, kisha wakaweka Kiswahili juu yake bila ya kumtaja aliyekifasiri. Mzee anayenyamazishwa na ndugu yake amenyamazishwa vilevile. Ikiwa Kiswahili kinadai heshima mbele ya Kiingereza, na kwa haki kinadai, hakina budi kuzipa heshima hiyohiyo lugha za wenyeji zilizokilisha maneno.

LIFANYIKE NINI?

Njia ya kuanzia ipo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, na marekebisho ya mwaka 2019 yaliwataka watengenezaji wa filamu wa kigeni waikabidhi Bodi ya Filamu picha ghafi na nakala ya filamu iliyokamilika. Hilo ni jambo la maana. Lakini picha ghafi isiyo na maelezo ya nani alifasiri nini ni kama shehena isiyo na hati. Kwa hiyo yafaa mambo matano yatiliwe mkazo.

La kwanza, kila filamu yenye mahojiano yaliyopitia kwa mkalimani itaje jina lake waziwazi, pamoja na lugha alizofasiri. Kama hatari yo yote inamzuia kutajwa, sababu hiyo ielezwe.

La pili, mkalimani awe na mkataba. Kazi yake isichanganywe na ya kutafuta chakula, kubeba mizigo na kumshawishi mwenye nyumba afungue mlango, kisha yote yakalipwa kwa posho ya siku moja. Akiyafanya hayo mengine, yalipwe mbali.

La tatu, sauti ya mzee isikike. Maandishi yawekwe chini yake, isiwekwe sauti nyingine juu yake.

La nne, maneno yote ya mahojiano yaandikwe katika lugha iliyosemwa, na nakala ya sauti na maandishi irudi Kilwa na Lindi. Isiishie kabatini mwa ofisi za mbali. Iwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa sekondari wa Kilwa Kivinje, na mjukuu wa mzee aliyehojiwa, wanaweza kuifikia bila ya kuomba ruhusa kwa mtu aliye ng'ambo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haifai mgeni aje, mwenyeji abaki na vumbi la gari.

La tano, kabla ya filamu kutoka, mzee asikilizishwe tafsiri ya maneno yake kwa lugha yake. Ni kazi ya saa chache. Akisema "Sivyo nilivyosema", parekebishwe.

Katika kuyatimiza hayo, BAKITA na idara za Kiswahili za vyuo vikuu zina kazi kubwa. Ukalimani hufundishwa na kuthaminiwa pale mikutano ya wakuu inapofanyika, kwenye vibanda vya vioo na vipaza sauti vya masikioni. Umoja wa Afrika unatumia Kiswahili, na SADC ilikipokea mwaka 2019. Kwa hiyo wakalimani wa mikutano wanahitajika, na ni vyema. Lakini mkalimani wa kijijini, anayefasiri akiwa ameketi juu ya kigogo huku mbuzi wakilia, hufanya kazi iliyo ngumu pengine kuliko ile. Huyo naye afundishwe, apimwe, na jina lake liwekwe katika orodha inayojulikana, hasa kama anazijua lugha za kusini ambazo wajuzi wake wazee wanapungua kila mwaka.

Wazee wa pwani hii hawaombi kutukuzwa. Wanapokubali kuketi mbele ya kamera wanatoa kitu ambacho hakinunuliki, nacho ni kumbukumbu waliyoachiwa na waliokufa. Mwongozaji anayeichukua kumbukumbu hiyo amechukua amana. Amana haitunzwi kwa kuficha mkono ulioipokea. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mzee abaki na neno lake, na mkalimani aandikwe jina lake.